Mkwakwani: tubomoe, tukarabati au tuupe kazi nyingine?

Tarehe 1 Machi 2025 Coastal Union, klabu ya Tanga ambayo nyumbani kwao ni Uwanja wa Mkwakwani, waliwakaribisha Simba nyumbani. Nyumbani penyewe palikuwa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tanga. Wakafungwa 3-0. Oktoba 2024 waliwapokea Yanga pale pale wakalala 1-0. Agosti ya mwaka huo huo Kombe la Shirikisho Afrika liliwapa nafasi adimu ya kumleta mgeni kutoka Angola, Bravos do Maquis, na mechi ya nyumbani ikachezewa Dar es Salaam. Wagosi wa Kaya, kama Coastal wanavyoitwa, wakawa timu ya safarini, na mashabiki wao wa Ngamiani na Makorora hapa Tanga wakabaki kuwatazama kwenye vibanda umiza.

Kinachouma ni kwamba miaka miwili kabla hali ilikuwa nyingine kabisa. Juni 2023 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Mkwakwani, bao la Kennedy Musonda likawapa Yanga kombe mbele ya Azam. Agosti, Simba na Yanga wakakutana hapo hapo kwenye Ngao ya Jamii, dakika 90 zikaisha bila bao, Simba wakabeba kwa penalti. Wiki ile Tanga ilijaa. Nyumba za wageni zilijaa, bajaji hazikushikika, na machungwa ya Muheza yaliyomenywa yakauzwa mpaka yakaisha kabla mpira haujaanza.

Uwanja mmoja, majira mawili. Ndiyo maana kila mazungumzo ya barazani kuhusu Mkwakwani sasa huishia kwenye ugomvi uleule. Kijana anasema bomoeni mjenge wa kisasa, tumechoka na aibu. Mfanyabiashara anasema eneo lile ni dhahabu, wekeni maduka na hoteli, mpira upelekwe nje ya mji. Mzee aliyekuwa jukwaani mwaka 1988, Coastal ilipotwaa ubingwa wa nchi, anasema asithubutu mtu kugusa tofali.

Nitasema msimamo wangu mapema ili msomaji asiutafute: napinga kubomoa wote, na napinga vilevile kuuacha ulivyo. Uwanja wa mpira ubaki ulipo, majukwaa yakaguliwe moja moja na yale yaliyokufa yaondolewe, na nafasi ya kuzunguka dimba ipewe kazi za kila siku. Lakini msimamo bila hoja ni ushabiki tu, na hoja zenyewe zimechanganyikana mno. Watu wanabishana juu ya zege huku wakimaanisha ardhi, wanabishana juu ya ardhi huku wakimaanisha chama, na wanabishana juu ya historia bila kuuliza nani atalipa bili ya umeme.

Zege lina umri gani hasa?

Tuanze na jengo, kwa sababu hapa ndipo maneno mengi husemwa bila kipimo. "Uwanja umezeeka" ni kauli isiyotosha kumwagiza mkandarasi. Zege halizeeki kama binadamu. Lipo zege la miaka mia moja lililo imara, na lipo la miaka kumi linalomeguka kwa kidole.

Zege jipya lina ualikali mkali, na ualikali huo huifunika nondo kwa utando mwembamba unaozuia kutu. Miaka inavyopita, hewa ya kaboni dayoksaidi hupenya taratibu kutoka juu na kuupunguza. Utando ukiondoka, unyevu na oksijeni vinaanza kazi. Tanga tuna adui wa pili: chumvi. Upepo wa baharini huileta kila siku, na chumvi ikishafika kwenye nondo huuvunja ule utando hata pale ambapo zege bado lina ualikali. Mahali ambapo fundi alichanganya zege kwa mchanga wa pwani ili kuokoa hela, chumvi ilikuwemo tangu siku ya kwanza.

Kutu ikianza, nondo hunenepa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, mpaka mara sita. Zege halina pa kwenda, linapasuka. Ukipita chini ya jukwaa lolote kuukuu la pwani, tazama juu, kwenye tumbo la ngazi za kukalia. Utaona kwanza mstari mwembamba wa rangi ya chai unaofuata nondo iliyo ndani. Mbele kidogo mstari umekuwa ufa. Mbele tena kipande cha zege chenye ukubwa wa sahani kimebanduka, na nondo inaonekana, nyekundu, imekonda, magamba yake yakikatika ukiyagusa. Anayekaa juu haoni chochote, kwa kuwa upande wake umepakwa rangi mpya kila kabla ya mechi kubwa.

Sasa, je, jukwaa hilo limekufa? Jibu linapatikana kwa siku chache za kazi. Mhandisi hugonga zege kwa nyundo maalumu ya kupimia ugumu. Hutoboa na kutoa vipande vya mviringo, vikapelekwa maabara kubanwa mpaka vivunjike. Hupuliza kwenye tundu kemikali iitwayo fenolfthaleini: pale zege lilipo na ualikali wake hugeuka waridi papo hapo, na pale ulipokwisha halibadiliki rangi. Ukipima umbali kutoka usoni mpaka waridi inapoanzia, ukaulinganisha na kina cha nondo, unajua kutu imefika wapi. Kisha hupima chumvi, kwa sababu pwani waridi peke yake inaweza kudanganya. Mwisho hukagua nondo zimebaki na unene gani.

Gharama ya ukaguzi huo ni tone tu ukiilinganisha na gharama ya kubomoa au kujenga. Kwa hiyo mtu yeyote, awe kiongozi au mshabiki, anayesema "haukarabatiki" bila ripoti ya aina hiyo mkononi anatuomba tumwamini kwa sura. Vivyo hivyo anayesema "bado mzima".

Matokeo ya ukaguzi huwa ya mchanganyiko mara nyingi. Jukwaa kuu lenye paa huwa limejengwa kwa uangalifu zaidi. Yale ya mzunguko, yaliyoongezwa kidogo kidogo kila fedha ilipopatikana, huwa hoi. Paa la zamani linaweza kuwa la asibesto, na hilo lina utaratibu wake wa kuondolewa kwa kulowesha, kufunga na kuzika, si kwa nyundo na vumbi. Neno "uwanja" linafunika vitu vingi, na kila kimoja kinaweza kupewa hukumu yake.

Kuna hatari nyingine ambayo haihusu zege hata kidogo: milango. Machi 21, 2021 watu 45 walipoteza maisha katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, siku ya kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Hakuna jukwaa lililoanguka. Umati ulikuwa mkubwa kuliko njia za kupitia. Viwanja vya enzi ile vilijengwa kwa fikra ya kumzuia asiyelipa asiingie, na ukuta unaomzuia mtu asiingie humzuia pia asitoke. Ukarabati unaoanza na viti vya rangi na kuacha malango membamba ni mapambo juu ya hatari. Kwangu mimi, malango yangepanuliwa kabla ya kununua hata kiti kimoja.

Nani mwenye nyumba?

Hapa pana uzito kuliko zege. Mkwakwani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama ilivyo Kirumba Mwanza, Sheikh Amri Abeid Arusha, Sokoine Mbeya na vingine vingi vya mikoani. Zama za chama kimoja, chama na serikali vilikuwa mkono mmoja, na viwanja vingi nchini vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi bila mtu kuuliza hati itaandikwa jina la nani. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki kwa chama. Mjadala kama ilikuwa haki au la umeendelea tangu hapo, na sitaumaliza hapa.

Ninachotaka msomaji akione ni jinsi umiliki huo unavyofunga mikono ya kila mtu. Mmiliki ni chama cha siasa, ambacho kazi yake ya msingi si kuendesha viwanja. Klabu ni mpangaji wa siku ya mechi: inalipa sehemu ya makusanyo ya mlangoni na kuondoka, kwa hiyo haina sababu ya kumwaga fedha kwenye jengo la mwingine. Halmashauri ya Jiji inapata wageni na ushuru uwanja ukiwa hai, lakini kuweka fedha za umma kwenye mali ya chama ni jambo ambalo diwani wa upinzani na mkaguzi wa hesabu wote watalihoji, na wana haki. Bodi ya Ligi na TFF, shirikisho la mpira nchini, wanaweka masharti na kufungia viwanja, ila hawatoi saruji. Kila mmoja ana mguu mmoja ndani. Jengo la namna hiyo likiharibika, hakuna anayesikia maumivu peke yake, na ndiyo maana huharibika polepole mbele ya macho ya wote.

Benki nayo inaangalia karatasi. Nani atakopesha mabilioni kwa klabu isiyo na mkataba unaovuka msimu? Dawa inayofahamika ni mkataba wa upangishaji wa muda mrefu, miaka 25 au 30, kati ya chama na chombo kimoja cha uendeshaji ambamo Jiji, klabu na mwekezaji wana hisa zinazoeleweka. Chama kinabaki na mali yake, chombo kinapata muda wa kutosha kurudisha mtaji, na umma unapata pa kuuliza maswali. Hilo lingewezekana hata kesho bila kubishana tena nani alichanga tofali mwaka gani.

Wapo wanaoona njia fupi zaidi: kuuza au kubadili matumizi. Kisheria si rahisi kama wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati anamiliki haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa matumizi yaliyotajwa. Kiwanja cha michezo kugeuka hoteli ni mabadiliko ya matumizi yanayopaswa kupita kwenye mamlaka ya mipango miji, na mradi mkubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kila hatua ina nafasi ya mwananchi kusema. Tatizo ni kwamba tangazo hubandikwa ubaoni ofisini na sisi tunasubiri kulisikia kijiweni.

Hesabu ya siku 15

Ligi Kuu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, nusu yake nyumbani. Maana yake Coastal Union inahitaji Mkwakwani siku 15 kwa mwaka. Ongeza mechi za kombe, ongeza klabu nyingine ya Tanga, African Sports, Wana Kimanumanu, na mechi zao 15 wakiwa ligi ya chini: unafika siku 30 na kitu. Ongeza mikutano ya siasa, tamasha, sala ya Idi. Bado siku zaidi ya 300 geti limefungwa kwa kufuli.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kujenga upya uwanja wa kiasi kwa Tanga ni shilingi bilioni 20. Kanuni inayotumiwa na wasimamizi wa majengo ni kutenga asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya kujenga upya kila mwaka kwa matengenezo. Chukua ile ndogo: milioni 400 kwa mwaka. Gawanya kwa mechi 15, ni karibu milioni 27 kila mechi. Kwa kiingilio cha shilingi 5,000, unahitaji watazamaji zaidi ya 5,300 wanaolipa, kila mechi, ili kulipia matengenezo pekee. Hapo klabu haijapata kitu, mgeni hajapewa, polisi, waamuzi, kodi na Bodi hawajachukua chao. Simba na Yanga wakija, namba hiyo ni ndogo. Jumatano saa nane mchana, jua la Tanga, mgeni ni timu isiyo na mashabiki wa kusafiri, je?

Hesabu hii haimhurumii anayetaka kubomoa. Uwanja mpya una bili kubwa zaidi: taa, lifti, mitambo ya maji, viti vinavyopauka kwa jua na kuvunjika. Ukijenga upya ukaendelea kuutumia siku 15, umenunua tatizo lilelile kwa bei ya juu. Kilichouchosha Mkwakwani ni kukaa bila kazi. Paa linalovuja juu ya duka lenye mpangaji hutengenezwa wiki hiyo hiyo, maana mpangaji atapiga kelele. Paa linalovuja juu ya jukwaa tupu husubiri mpaka siku tatu kabla ya Simba kuja.

Anayetaka kuondoa mpira kabisa naye ana la kujibu. Dimba la kawaida ni mita 105 kwa 68, zaidi ya mita za mraba 7,000, na ukiweka majukwaa na njia eneo linakuwa kubwa mara kadhaa. Katikati ya jiji, eneo la wazi la ukubwa huo halirudi likishajengwa. Tanga ya sasa watu wanaufikia uwanja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bajaji ya bei ya kawaida. Uhamishie nje ya mji na umeongeza nauli ya kwenda na kurudi juu ya kiingilio, na mama anayeuza mihogo ya kukaanga na chachandu getini hawezi kuihamisha biashara yake na jiko lake kilomita kumi kwa ajili ya dakika 90.

Na kuna jambo ambalo jiji hili linalijua kuliko mengi: saruji. Kiwanda kipo Pongwe, vumbi lake tunalifahamu. Utengenezaji wa saruji duniani unatoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni dayoksaidi inayotokana na binadamu. Kila mita ya zege zima unayoivunja ni moshi uliokwisha kutolewa, na unautoa tena kuijenga upya. Sioni hoja hii ikitajwa kwenye mijadala yetu, nami naiona ni nzito kwa mji wa pwani ambao bahari inaukaribia.

Kwingine walifikia wapi

Miji mingi imelipitia jambo hili, na mifano minne inanisaidia kufikiri.

Seattle, Marekani, walijenga uwanja wa ndani ulioitwa Kingdome, ukafunguliwa mwaka 1976. Machi 2000 waliulipua kwa baruti, ukaanguka kwa sekunde chache. Deni lake halikuanguka nao. Walipa kodi waliendelea kulilipa mpaka mwaka 2015, miaka 15 baada ya jengo kuwa kifusi.

Houston walikuwa na Astrodome, uliofunguliwa mwaka 1965, uwanja uliowashangaza watu kwa paa lake. Timu zikahama mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2013 wananchi waliupigia kura mpango wa dola milioni 217 wa kuugeuza ukumbi wa maonyesho, wakaukataa. Mwaka 2014 ukaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Mwaka 2018 mpango mwingine wa dola milioni 105 ukapitishwa, kisha ukakwama. Jengo bado limesimama, halijabomolewa wala halitumiki. Mfano huu ndio unaonitisha zaidi kwa Mkwakwani, kwa kuwa kutokuamua kunatujia kirahisi sana.

London, Arsenal walicheza Highbury kuanzia mwaka 1913 hadi 2006. Walipohama, majukwaa mawili ya pembeni yaliyojengwa miaka ya 1930 yakageuzwa nyumba za kuishi kuta zake zikiwa zilezile, na dimba likawa bustani ya wakazi. Ni kazi nzuri, ila tusisahau kilichoiwezesha: bei ya nyumba London, na uwanja mpya uliokwisha kujengwa mwendo mfupi kutoka pale. Tanga hatuna cha kwanza wala cha pili. Anayetuonyesha picha za Highbury atuonyeshe pia mnunuzi wa hizo nyumba.

Wa nne ni Toronto, na huu naupenda. Maple Leaf Gardens ulifunguliwa mwaka 1931 kwa mchezo wa magongo ya barafuni. Timu iliondoka mwaka 1999, jengo likakaa. Leo chini ni duka kubwa la vyakula, lililofunguliwa mwaka 2011, na juu yake ni kituo cha michezo cha chuo kikuu chenye uwanja wa barafu, kilichofunguliwa mwaka uliofuata. Anayekwenda kununua maziwa anapita juu ya nukta nyekundu sakafuni inayoonyesha palipokuwa kitovu cha uwanja wa zamani. Duka linaleta watu kila siku, mchezo umebaki ndani, paa na kuta zina mwenye kuzitunza.

Nyumbani kwetu pia ipo mifano. Dar es Salaam walipofungua uwanja wa watu 60,000 mwaka 2007, unaoitwa leo Benjamin Mkapa, hawakuubomoa ule wa zamani ulio jirani, Uhuru, uliopandishiwa bendera ya Tanganyika Desemba 1961. Zanzibar, Uwanja wa Amaan wa mwaka 1970 ulifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023 pale pale ulipo. Na hapa Tanga, boma la Wajerumani limekuwa makumbusho ya Urithi Tanga, watoto wa shule wanaingia na madaftari. Linganisha na jengo la zamani la hospitali ya Bombo, lile la ukingoni mwa bahari, lililokaa tupu miaka mingi likiliwa na upepo. Yote mawili ni ya enzi za Wajerumani. Moja lilipewa kazi.

Kumbukumbu inalindwa na nani?

Kwa ufupi: karibu hakuna. Wengi wanaamini jengo lenye historia linalindwa na sheria moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jipya kuliko hapo linahitaji kutangazwa rasmi. Kwa hiyo ubingwa wa 1988 hauuzuii tingatinga. Kama tunataka sehemu fulani ibaki, mathalani lango kuu au jukwaa kuu, lazima iandikwe kwenye mkataba wa mradi, kwa michoro na picha, kabla ya zabuni kutangazwa. Mkandarasi hulinda kilichoandikwa.

Wala sidhani kila kitu kinastahili kubaki. Mzee wa 1988 ninamheshimu, lakini benchi la zege lililopasuka halibebi kumbukumbu ya ubingwa kuliko dimba lenyewe. Sehemu ya ardhi ambayo Coastal na African Sports walipambana mji mzima ukigawanyika, hiyo ndiyo siwezi kukubali iwekewe maegesho ya magari.

Ningependa uweje

Dimba libaki, lipate mifereji ya chini ya nyasi inayofanya kazi masika. Kwenye nyasi bandia nina wasiwasi: zinavumilia kuchezewa kutwa nzima, jambo zuri kwa shule na akademi, lakini huunguza miguu kwa jua letu na hutaka kubadilishwa baada ya miaka kama kumi, na nimeshasema jinsi tulivyo na fedha za mwaka wa kumi. Nyasi za asili, na mazoezi yahamishiwe kwingine. TFF tayari ina kituo cha ufundi Mnyanjani, hivyo jiji halina uhaba wa pa kuanzia.

Ukuta wa nje ugeuzwe mgongo wa maduka yanayotazama barabara, yenye choo, maji na kodi inayoingia kwenye akaunti ya uwanja, siyo kwenye mfuko wa mtu. Mali bila daftari huisha bila habari, na fremu za viwanjani zimekuwa hivyo kwa muda mrefu: zipo, zina wapangaji, lakini mapaa ya majukwaa hayaoni hata senti. Wauza kahawa na kashata, mama lishe na wauza machungwa waliopo sasa waandikwe majina kabla ya kazi kuanza, wapewe nafasi za kwanza kwa kodi wanayoiweza. Chini ya majukwaa yatakayojengwa upya pawe na vyumba vyenye matumizi ya siku za kazi: ukumbi wa ndondi, netiboli na mazoezi ya viungo, zahanati ya michezo, madarasa ya jioni. Mgambo, shule na timu za wanawake wapangiwe saa zao kwenye ratiba inayobandikwa getini.

Majukwaa yajengwe kwa awamu, moja kila msimu, kuanzia lile ambalo vipimo vitasema ni hatari zaidi. Uwezo wa uwanja utashuka kwa muda, na ni heri. Mechi ya watu elfu sita Tanga ina faida kwa Tanga kuliko mechi ya elfu kumi na tano Arusha. Tusiombe uwanja wa watu elfu 30 pia. Fedha kubwa za taifa kwa AFCON ya 2027 zimekwenda kwingine, Arusha wanajengewa uwanja mpya, na Tanga inahitaji wa kiasi unaojaa.

Kazi ya kwanza ni ile ya bei rahisi: mhandisi aje na nyundo yake, atoboe, apime, na ripoti isomwe hadharani kwenye kikao cha baraza la madiwani, mmiliki na klabu zote mbili wakiwepo. Ligi huwa imesimama kati ya Juni na Agosti, na ukaguzi wote unaingia humo bila kuhamisha mechi hata moja. Malango yaweza kupanuliwa katika miezi hiyo hiyo, kabla timu hazijarudi kwa msimu mpya.